Kufikisha Gunia Msimu Ujao

Haragi lililokauka sawasawa halipondeki. Ukiling'ata linavunjika vipande viwili kwa mlio mkavu, jirani aliyekaa mkekani anausikia, na ndani ni weupe mtupu. Ambalo bado lina maji linabonyea na kubaki na alama ya jino. Mama anayelijaribu hulitema pembeni, anatazama mawingu yanayotoka upande wa mji wa Mweso, na bila kusema neno anaanza kuyatandaza upya maharagi yote. Hana chombo cha kupimia unyevu na hatakipata. Ana meno, ukucha wa kidole gumba, na kumbukumbu ya misimu iliyopita. Kwa vitu hivyo vitatu ataamua kama watoto watakula mwezi wa kumi na moja, wakati yaliyo shambani bado yana maua.

Nataka kuusifu ufundi huu polepole, kwa sababu hausifiwi. Seremala hupewa jina la fundi, fundi cherehani hali kadhalika, hata anayeziba pancha barabarani. Mwanamke anayeweza kulitoa gunia la maharagi Januari na kulifikisha Juni likiwa zima, bila friji, bila dawa ya dukani, kwenye nyumba ya mbao yenye moshi na mvua inayopiga bati kila alasiri, huyo anaambiwa tu kwamba ana bahati.

Kirolirwe, anakoishi mama huyu, iko katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kuelekea Kitchanga, katika uchifu wa Bashali. Ni nchi ya ng'ombe na majani mabichi, ya ukungu asubuhi na baridi ambayo mtu wa Mombasa angeitafutia koti mwezi wowote. Mgeni akipita kwa gari huona utajiri, na kwa upande mmoja yuko sahihi: udongo ni mweusi, maji hayakosi, maharagi ya kupanda hukwea miti mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima. Asichokiona ni kwamba mvua hiyo inayootesha ndiyo inayoozesha. Mkulima wa Dodoma akivuna, jua linamfanyia nusu ya kazi ya kuhifadhi. Kirolirwe jua linaombwa. Mavuno ya msimu wa kwanza, unaopandwa Septemba, yanaangukia Desemba na Januari, penye upenyo mdogo tu wa ukavu kabla mvua za Februari hazijaanza. Mavuno ya msimu wa pili yanaangukia Juni na Julai, na hapo ndipo kuna nafuu.

Halafu kuna ardhi. Milima ile mikubwa yenye nyasi si ya wanaolima chini yake. Wabelgiji waligawa mashamba makubwa kwa walowezi. Mwaka 1973 Rais Mobutu alipotangaza kwamba mali za wageni ni za Wazaire, mengi yaliishia mikononi mwa wenye vyeo, na sehemu kubwa ikawa malisho. Familia nyingi hulima vipande vya kukodi, wengine wakilipa kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi, kazi ambayo huko huitwa salongo. Kwa hiyo mtu hawezi kusema msimu ujao atalima zaidi. Kipande ni kilekile. Njia iliyobaki ya kuongeza chakula ni kutokipoteza kile kilichokwisha kuvunwa.

Tuna methali tunayoipenda, akiba haiozi. Nadhani aliyeitunga alikuwa na sarafu mfukoni, maana maharagi huoza. Huota ukungu, hutobolewa, huwa magumu yasiive. Anayeweka akiba ya chakula ameanza kazi ambayo haitaisha mpaka punje ya mwisho iingie chunguni.

Kazi yenyewe huanzia shambani, kabla ya jembe kuwekwa chini. Maharagi yakiachwa kwenye mti mpaka maganda yafunguke yenyewe, mdudu ameshafika. Yakivunwa mapema mno, hayatakauka kabla ya mvua. Kuna siku chache katikati, ganda likiwa limegeuka rangi na likitikiswa punje zinasikika ndani, lakini bado halijapasuka. Hizo ndizo siku ambazo mwanamke wa Kirolirwe hakubali mwaliko wa harusi. Mimea hung'olewa asubuhi umande ukishapungua, hufungwa matita, huanikwa uani au hutundikwa chini ya paa linapotokeza nje ya ukuta. Ikikauka hupurwa kwa fimbo juu ya turubai. Turubai hilo mara nyingi ni lile jeupe la misaada ya wakimbizi, ambalo katika milima hii limeshakuwa paa, godoro, koti la mvua na uwanja wa kupuria.

Fimbo nazo zina adabu yake. Ukipiga kwa hasira punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi. Wapuraji wazoefu hupiga kwa kupokezana, fimbo ikishuka ubapa juu ya maganda, na mmoja anayageuza kwa mguu. Kisha upepo ukija ungo unainuliwa: makapi yanakwenda, maharagi yanarudi, na mawe yanabaki ukingoni pale kiganja kinapoyasubiri. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo macho, mkono na upepo hufanya pamoja namna hiyo, na anayeifanya wakati huohuo anamkemea mtoto na kuulizana habari na mpita njia.

Baadaye ndiyo kuchambua, na hapa ningependa msomaji akae kidogo. Ungo uko mapajani. Maharagi yanasukumwa kwa kidole, machache machache, kutoka upande wa juu kwenda upande wa chini. Yaliyokunjamana yanakwenda kulia, yatapikwa wiki hii. Yaliyopasuka yanakwenda nayo. Yenye madoa ya ukungu yanatupwa kabisa, hata kuku hawapewi. Halafu kuna aina moja ambayo jicho lisilozoea halitaiona: haragi zima, linang'aa, lina uzito wake, lakini ubavuni lina kiduara chembamba chenye rangi hafifu, kama dirisha lililofungwa kwa karatasi. Nyuma ya dirisha hilo kuna mdudu aliyekwisha kukua, anangoja siku yake ya kusukuma na kutoka. Haragi moja la namna hiyo likiingia ghalani, hesabu ya miezi sita inavurugika.

Mdudu huyu wataalamu humwita Acanthoscelides obtectus. Ni kidudu cha kijivu chenye urefu wa milimita tatu hivi, kilichotoka Amerika pamoja na haragi lenyewe, na kinapenda milima yenye ubaridi kama Masisi kuliko joto la bondeni. Kikishakuwa na mabawa hakili maharagi hata kidogo. Jike linaruka mpaka shambani, linataga ndani ya nyufa za maganda yanayokauka, au linataga ovyo kati ya punje ndani ya gunia. Viluwiluwi wake ndio wanaotoboa na kula kutoka ndani. Ndiyo maana gunia linaweza kuonekana salama kwa mwezi mzima, halafu asubuhi moja linafunguliwa na unga unamwagika.

Dhidi yake, jikoni kuna majivu. Majivu makavu ya kuni, yaliyochekechwa na kupoa, huchanganywa na maharagi mpaka kila punje ipakwe vumbi, na tabaka nene linawekwa juu kabla ya kufunga. Majivu hayana sumu. Hujaza nafasi zilizo kati ya punje na punje, mdudu akakosa pa kupita wala pa kukutana na mwenzake, na hukwangua ile nta nyembamba inayofunika mwili wake na kumzuia asikauke. Anakufa kwa kiu ndani ya chakula. Wanaokosa majivu ya kutosha, kwa kuwa gunia moja linataka mengi, huyaweka kwenye mbegu na kuliacha gunia la kula lijitetee kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni kuligeuza. Ni jambo linaloonekana la kipuuzi: chombo kisichojazwa mpaka juu kinaviringishwa asubuhi, kinaviringishwa jioni, na kinaachwa. Kiluwiluwi kinahitaji karibu siku nzima kutoboa ngozi ya haragi, na hakiwezi kutoboa bila kujiegemeza kwenye punje ya pili ili kipate nguvu ya kusukuma. Ukiyachanganya maharagi kabla hakijamaliza, kimepoteza tundu lake na egemeo lake, na kinaanza upya kikiwa kimechoka. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulijaribu jambo hilo kwa mitungi, ndoo na magunia yaliyojaa nusu: wadudu walipungua kwa 97 kwa mia. Hakuna senti iliyotumika. Kilichotakiwa ni mtu wa kukumbuka kila siku, na kukumbuka kila siku ndiko kugumu kuliko kununua dawa.

Siku hizi kuna bidoni. Lile la njano la lita 20, lililokuja na mafuta ya kupikia na likabaki kuchotea maji, likioshwa na kukaushwa kabisa hugeuka ghala bora kuliko gunia. Siri yake ni kujaza. Maharagi yanamiminwa, bidoni linagongwa sakafuni yashuke, yanaongezwa tena mpaka shingoni, kifuniko kinakazwa na mfuko wa plastiki chini yake. Wadudu waliomo watapumua hewa iliyobaki, hewa itaisha, nao wataisha. Kanuni hiyo ndiyo iliyo nyuma ya mifuko ya tabaka tatu iitwayo PICS, ambayo Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue waliitengeneza kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kamerun tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfuko ni mzuri pale unapopatikana. Bidoni lina faida mbili zaidi: panya halitafuni kwa urahisi, na mtu akilazimika kuondoka usiku linabebeka.

Lakini ole wake anayefunga bidoni kabla ya wakati. Maharagi yenye maji yakifungiwa bila hewa hayatoki salama. Hutoka na harufu ya pombe na ukungu. Kwa hiyo kila njia, ya majivu, ya kugeuza, ya bidoni, inarudi kwenye lile jino la mwanzo. Na ninapowasikia watu wa semina wakianza na mfuko na kumaliza na mfuko, huwa natamani wangeanza na jino.

Kuna mambo mawili ambayo mtu wa mjini hufikiri ni jambo moja: chakula cha kula na mbegu. Kirolirwe havichanganywi hata vikikaa nyumba moja. Mbegu huchaguliwa kwanza, punje kwa punje, na mara nyingi huwa za rangi nyingi kwa makusudi: nyekundu, za manjano, zenye madoa, nyeusi, ndogo za mviringo na ndefu za figo. Katika nyanda za juu za Maziwa Makuu mchanganyiko huo ni bima ya zamani. Mwaka wa mvua nyingi aina moja huoza na nyingine husimama; kwenye kilima kilichochoka aina ile isiyodai rutuba nyingi ndiyo inayozaa. Mama huupanga mchanganyiko upya kila msimu kulingana na kipande alichopewa kulima. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchini Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka, watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo, CIAT, na wa taasisi ya kilimo ya nchi hiyo, ISAR, waliwaita wanawake wakulima katika kituo cha utafiti wachague wenyewe aina za kujaribu mashambani kwao. Aina walizochagua zilizaa vizuri kuliko zilizochaguliwa na wataalamu. Wataalamu, kwa heshima yao, waliliandika hilo.

Mbegu ikishatengwa, haiguswi. Njaa ikiingia, huuzwa kuku kwanza, kisha mbuzi, kisha mtu anakwenda kulima kwa watu apate kopo la unga. Mbegu hufunguliwa mwisho kabisa, na ikifunguliwa, nyumba nzima inajua kwamba msimu ujao wataanza kwa deni.

Mgawanyo wa yaliyobaki ndio hesabu halisi ya uchumi, na ni ngumu kuliko zile za benki. Kuna deni la mwenye shamba. Kuna ada ya shule. Kuna sabuni, chumvi, dawa. Mvunaji mwenye haraka anauza yote Januari pale pale barabarani, siku ambayo kila jirani anauza, na bei iko chini. Aprili anarudi sokoni kununua maharagi yaleyale, pengine ya kwake mwenyewe, kwa bei ya juu. Fundi wa akiba huuza kidogo kidogo, kwa shida maalumu. Mnunuzi kutoka mji wa Goma akisimamisha lori na kuuliza, "Mama, unanipa yote?" jibu huwa, "Baba, nakupa ya ada ya mtoto tu." Mnunuzi hukasirika. Mama hafungi mdomo wa gunia mpaka lori liwashwe.

Watu wa huku wana sababu ya kuyaamini maharagi kuliko noti. Wazee wanakumbuka Oktoba 1993, serikali ilipoleta sarafu ya zaire mpya na kubadilisha moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ilikuja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya laki moja. Mtu aliyekuwa ameficha pesa chini ya godoro alibaki na karatasi. Aliyekuwa ameficha maharagi alikula. Na mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, benki zilifungwa na wenye mishahara wakaganda mbele ya milango ya chuma wakiwa na pesa wasizoweza kuzigusa. Mji huo hula kutoka Masisi. Kila barabara ya Sake inapokatika, kama ilivyokuwa pia Februari 2024, mama wa Goma huiona habari hiyo kwenye kipimo cha maharagi kabla hajaisikia redioni.

Maziwa ni somo jingine, na Kirolirwe haiwezi kuandikwa bila maziwa. Ng'ombe hakamwi kwa kalenda ya lori. Barabara ikiwa tope, maziwa ya asubuhi yatakuwa yameharibika jioni, kwa hiyo watu wamejifunza kuyaokoa kwa hatua. Ya siku hiyo hunywewa. Ya kesho huachwa yagande yawe mashanza. Yanayozidi huenda kwenye jibini, ile fromagi ya Masisi inayouzwa Goma na iliyokuwa ikisafirishwa hadi Kinshasa. Lita kumi hivi hutoa kilo moja. Maziwa hupashwa moto juu ya kuni mpaka yawe na uvuguvugu wa mwili, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa kwa kisu, maji yanachujwa, bonge linatiwa kwenye kalibu na kukandamizwa kwa uzito. Kisha chumvi. Kisha rafu ya mbao kwenye chumba chenye giza na ubaridi, ambako kila jibini linageuzwa na kupanguswa, tena na tena, kwa majuma. Maji yaliyochujwa hupewa nguruwe. Baridi inayomtesa mtu wa Kirolirwe ndiyo inayomfanyia mwenye jibini kazi ya friji. Hata hivyo jibini ni akiba ya mwenye ng'ombe, na wengi hawana. Sitaki kuipamba kupita hapo.

Viazi havikai sana, na watu hawajidanganyi navyo. Vya kula vinawekwa gizani juu ya uchaga, vinaliwa mapema. Vya mbegu vinaachwa kwenye mwanga hafifu vigeuke kijani na kutoa machipukizi mafupi yenye nguvu, na mtoto anaonywa asije akavitia sufuriani, maana kiazi cha kijani kina sumu. Mahindi yanafungwa kwa maganda yake na kutundikwa juu ya meko, moshi uyapitie. Muhogo unaachwa ardhini mahali ambapo hakuna baridi ya kuuchelewesha, upande wa chini kuelekea Walikale. Kutoka huko hupanda mawese na unga wa muhogo, na kutoka juu hushuka maharagi na viazi, kwa migongo ya watu, pikipiki na lori. Katika njia za Goma na Sake kuna chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalomsaidia mtu bila tone la petroli. Kubadilishana huko nako ni kuhifadhi: haragi lililogeuka mawese limepata maisha mapya.

Jikoni ubahili una sura ya ukarimu. Mmea mmoja wa maharagi huliwa mara nne. Majani yake machanga hupikwa mboga wakati ghala limeshakuwa jepesi. Kisha maganda mabichi. Kisha punje mbichi, ambazo huiva haraka na kuokoa kuni. Mwisho ndiyo makavu. Anayejua kuzitumia hatua tatu za kwanza anaweza kulichelewesha gunia kwa majuma mengi, na ndiyo maana mama huchuma majani kwa kuzunguka, machache kila mti, asiudhuru mmea ambao bado anaudai. Maharagi makavu hulowekwa tangu jioni. Ya zamani, yaliyokaa kwenye unyevu, huwa magumu na hula kuni nyingi kuliko thamani yake, hivyo hutangulia kupikwa hata kama mapya yanatamanisha. Chungu kinafunikwa. Kuni mbili zinavutwa nje ya moto mara tu yanapochemka. Mchuzi wa leo hubaki kwa viazi vya kesho asubuhi. Watoto hulalamika, kama watoto wote, na hula.

Itakuwa uongo kuandika haya na kuacha vita nje. Mwaka 2007 na 2008 Kirolirwe ilikuwa mojawapo ya ngome za kundi la waasi la CNDP la Laurent Nkunda. Januari 2023 M23 walipokuwa wakielekea kuichukua Kitchanga, watu wa njia hiyo waliondoka tena, wengi wakiishia kambini pembezoni mwa Goma, Bulengo, Lushagala, Rusayo, juu ya mawe ya volkano ambako haragi haliwezi kupandwa. Januari ni mwezi wa mavuno. Fikiria maana yake: uamuzi wa jino ulikuwa umekwisha kupitishwa, gunia lilikuwa tayari, na mtu akabeba kile ambacho mgongo unaweza.

Ghala lililojaa huita wenye bunduki. Kwa hiyo ufundi umeongezewa tawi jipya ambalo hakuna bibi aliyelitaka: kutawanya. Kidogo kinakaa nyumbani pa kuonekana, kidogo kwa shemeji wa kijiji cha pili, bidoni moja linazikwa nyuma ya migomba, mbegu zinagawiwa kwa ndugu watatu kwa ahadi kwamba atakayepata mavuno atawarudishia wengine. Ndiyo sababu vilevile ya watu kuweka pamoja, katika likelemba, yaani mchango wa zamu, au kwenye vikundi vya MUSO, vyenye sanduku la mikopo na sanduku la kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa. Mali iliyoko kwa watu ishirini haiporwi usiku mmoja.

Wapo wanaoitazama hali hii na kusema watu wa Masisi wanaishi kwa siku, kesho ni ya Mungu. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa uani Januari. Mtu anayechambua mbegu kwa rangi, punje kwa punje, katika mwaka ambao hana hakika kama ataruhusiwa kulima kilima hicho Machi, anapanga kesho kwa ukaidi kuliko waziri wa mipango. Mashirika yanayoleta mbegu baada ya kila wimbi la ukimbizi hufanya jambo la haki, lakini mara nyingi mbegu hufika mvua zikishaanza, tena za aina moja. Wangewauliza kina mama ni rangi gani walizopoteza.

Nawe msomaji, kama una gunia ndani ya nyumba, Nairobi au Tabora au Bukavu, na huamini meno yako, chukua chupa ya kioo iliyokauka. Tia chumvi kavu vijiko viwili, ongeza maharagi au mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, anika tena kesho. Kioo kikibaki safi, jaza bidoni mpaka shingoni na ulifunge.